Baada ya Masika: Wanawake katika Taaluma ya Sheria Uganda, Wakitazamwa kutoka Bwera

Utangulizi

Kwetu Bwera, ukitajiwa jina la binti umekwisha kujua alizaliwa wa ngapi. Masika ni binti wa kwanza, Biira ni wa pili, Kabugho ni wa tatu na Mbambu ni wa nne. Wavulana nao wana majina yao kwa mpangilio kama huo. Hivyo sisi Bakonzo tunakua tukijua kwamba kila mtu ana nafasi yake katika mstari, na kwamba mstari haukomi kwa mtu mmoja.

Nilipoanza kusoma historia ya wanawake chuoni, niliona kwamba vitabu vingi humhesabu Masika peke yake. Tunaambiwa nani alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa wakili, wa kwanza kuwa hakimu, wa kwanza kuwa jaji. Biira na Kabugho hawaandikwi. Insha hii inauliza swali dogo: ni nini kilimwezesha wa kwanza kupita, na ni nini kilihitajika ili wa pili na wa tatu nao wapite?

Hoja yangu ni kwamba mlango wa taaluma ya sheria ulifunguka kwa wanawake wa Uganda mapema kuliko tunavyodhani, lakini hakuna aliyefika mbali bila mambo matatu: mtu wa kumlipia karo, mtu wa kumpokea kazini, na wateja wa kumwamini. Yalipopatikana hayo, wanawake walisonga mbele kwa wingi. Yalipokosekana, Masika alibaki peke yake. Nitatumia mifano ya Uganda, na kwa kulinganisha nitatazama wanawake weusi wa Marekani, ambao waliianza safari hii karibu miaka 100 kabla yetu. Lakini kwanza nitasimulia kesi moja niliyoishuhudia, kwa sababu ndiyo iliyonifikisha kwenye swali hili.

Kesi ya shamba la kahawa

Mama yangu mdogo alifiwa na mumewe nikiwa shule ya msingi. Marehemu aliacha nyumba, mabinti na shamba la kahawa kwenye mteremko juu ya Bwera. Matanga yalipokwisha, shemeji zake walikuja na kumwambia kwamba shamba ni la ukoo, na kwamba yeye alikuja kwa mbuzi na anaweza kurudi kwao. Kesi ilianzia kwa baraza la kijiji, ikapanda, na hatimaye ikafika mbele ya hakimu.

Mimi ndiye niliyemsindikiza, nikiwa na kazi ya kumshikia mtoto. Hakimu alikuwa mwanamke. Nakumbuka mama mdogo alipomwona alinibana mkono kwa furaha. Alidhani yamekwisha.

Lugha ya mahakama zetu ni Kiingereza. Mama mdogo anajua Lhukonzo na Kiswahili cha sokoni Mpondwe, kile cha kununua vitenge na samaki kwa watu wa Kasindi, ng'ambo ya mto Lhubiriha. Alipoulizwa aeleze, alisema kwa muda mrefu. Alitaja mwaka waliopanda miche, nani alichimba mashimo, mahali ambapo mumewe alipanda miti ya mpaka, na majirani waliosimama pale siku hiyo. Karani aliyekuwa akitafsiri alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia hakimu sentensi moja tu: anasema shamba ni lake. Hakimu akaandika sentensi hiyo. Shemeji walikuwa na wakili, aliyesimama na kuzungumza kwa karibu nusu saa.

Sitaki kumlaumu karani wala hakimu. Karani hakuwa amefunzwa ukalimani, na hakimu aliandika alichoambiwa. Jambo lililonibakia ni hili: mwanamke alikuwa amekwisha kufika kwenye kiti cha juu cha chumba kile, na bado mwanamke aliyesimama chini hakusikika. Kati yao palikosekana mtu.

Masika wa Toro

Mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupokewa katika uwakili wa Uingereza alitoka jirani na kwetu. Ni Elizabeth Bagaya, binti wa mfalme wa Toro. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1965 akaapishwa kuwa wakili jijini London.

Ili kuelewa uzito wa tarehe hiyo lazima tukumbuke hali ya milima ya Rwenzori wakati ule. Eneo ambalo leo ni Kasese lilikuwa sehemu ya ufalme wa Toro. Bakonzo na Baamba walilalamika kwamba wanalipa kodi Fort Portal lakini shule, nafasi za kazi na misaada ya masomo vinabaki huko huko. Mwaka 1962 wajumbe wao walitoka katika baraza la Toro, na Isaya Mukirane akatangaza Rwenzururu. Kwa hiyo katika miaka ile ambayo binti wa Toro alikuwa akimaliza masomo ya sheria Uingereza, babu zetu walikuwa porini, na moja ya sababu zao ilikuwa kwamba watoto wao hawakuwa na mahali pa kusoma.

Sisemi hayo ili kumpunguzia Bagaya heshima. Kusimama mbele ya mahakama ukiwa mwanamke mweusi katika miaka ya 1960 kulihitaji moyo mgumu. Nasema hayo kwa sababu mfano wake unaonyesha wazi msaada wa kwanza niliotaja. Makerere yenyewe ilipokea wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 1945, na walikuwa 6 tu. Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kufundisha sheria Waafrika, hata wanaume. Kitivo cha kwanza cha sheria katika eneo letu kilianza Dar es Salaam mwaka 1961, na Makerere ikaanza kufundisha sheria mwaka 1968. Kabla ya hapo, aliyetaka kuwa wakili alihitaji nauli ya meli au ndege, karo ya Uingereza, na miaka ya kuishi ugenini. Binti wa mfalme aliweza. Binti wa mkulima wa Bukonzo hakuweza hata kulifikiria jambo hilo. Bagaya mwenyewe hakukaa sana katika kazi ya mahakama. Maisha yake yalimpeleka kwenye mitindo, kisha kwenye siasa na ubalozi. Masika alikuwa amepita, lakini nyuma yake njia ilikuwa bado nyembamba.

Walivyopita wenzetu wa Marekani

Historia hii ina ndugu yake ng'ambo. Mwaka 1872, miaka 7 tu baada ya utumwa kufutwa Marekani, Charlotte Ray alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Howard, jijini Washington, akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuwa wakili nchini humo. Alifungua ofisi. Alijua sheria vizuri. Lakini wateja hawakuja, kwa sababu wengi hawakuwa tayari kumpa mwanamke mweusi kesi yao, na baada ya miaka michache aliifunga ofisi. Alihamia New York na kuwa mwalimu wa shule. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na cheti alikuwa nacho. Alichokosa ni wa kumwamini.

Tangu Ray apate cheti hadi Marekani ipate jaji wa kwanza mwanamke mweusi, Jane Bolin wa New York, ilipita miaka 67. Bolin aliapishwa mwaka 1939.

Sasa tumtazame Constance Baker Motley, aliyezaliwa mwaka 1921 katika familia ya wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis. Wazazi wake hawakuwa na fedha za chuo. Siku moja alizungumza katika mkutano wa mtaa mjini New Haven, na tajiri mmoja, Clarence Blakeslee, akavutiwa na maneno yake na kumlipia masomo. Hilo ni jambo la kwanza. Akiwa bado anasoma sheria, Thurgood Marshall alimwajiri katika ofisi ya mawakili wa NAACP, chama kilichopigania haki za watu weusi. Hilo ni la pili. Na kwa kuwa ofisi ile ilikuwa ya kutetea watu weusi waliobaguliwa, wateja walikuwepo tangu siku ya kwanza. Hilo ni la tatu. Motley alisimama mara 10 mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani akashinda mara 9, na mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuwa jaji wa mahakama za shirikisho.

Ray na Motley hawakutofautiana kwa akili. Walichotofautiana ni watu waliokuwa wakiwangoja ng'ambo ya mlango. Na ofisi ile haikuwa mbali nasi kama inavyoonekana. Thurgood Marshall ndiye aliyewashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1960, akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba yao. Mwaka 2022 Ketanji Brown Jackson aliingia Mahakama ya Juu ya Marekani, mwanamke wa kwanza mweusi kufika huko, miaka 150 baada ya Charlotte Ray kupewa cheti chake.

Mwaka 1974

Turudi Uganda. Katika historia ya mada hii mwaka 1974 una matukio matatu ambayo sijayaona yakiwekwa pamoja. Idi Amin alimteua Elizabeth Bagaya kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na kabla ya mwaka kwisha akamfukuza kwa kashfa. Mwaka huo huo eneo letu lilitengwa na Toro na kuwa wilaya, ambayo leo ni Kasese. Na mwaka huo huo wanawake wachache waliokuwa na taaluma ya sheria mjini Kampala waliunda chama chao, FIDA-Uganda.

Ulikuwa wakati wa hatari. Miaka miwili tu nyuma, Septemba 1972, askari walikuwa wamemkamata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ndani ya jengo la Mahakama Kuu, na hakurudi nyumbani. Katika mahakama hizo hizo mwanamke mmoja alikuwa akipanda ngazi polepole. Laetitia Mukasa Kikonyogo aliteuliwa hakimu mwaka 1971, akawa hakimu mkuu mwaka 1973, na mwaka 1986 akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 2001 alifikia kuwa Naibu Jaji Mkuu.

Yeye ni Masika kweli kweli. Lakini tazama kilichofuata. Kikonyogo alipostaafu mwaka 2010, cheo cha Naibu Jaji Mkuu kilikwenda kwa mwanamke mwingine, Alice Mpagi-Bahigeine. Huyo ndiye Biira, na magazeti hayakumpigia kelele nyingi. Kwangu mimi uteuzi wa Mpagi-Bahigeine una maana kubwa katika historia hii, kwa sababu ulionyesha kwamba mwanamke katika kiti kile hakuwa tena ajabu.

Kwa nini Biira alipatikana? Sababu mojawapo ni kwamba tangu 1974 wanawake wa sheria hawakuwa tena mmoja mmoja. Aliyemaliza masomo alikuta chama, alikuta dada waliomtangulia, alikuta mtu wa kumuuliza. Tangu 1970 mawakili wote wa Uganda walipitia mafunzo ya vitendo katika taasisi moja Kampala, ambayo wote huiita LDC, na walifahamiana. Mwaka 1988 FIDA-Uganda ilifungua kituo cha msaada wa kisheria Kampala, ambapo wanawake wasio na fedha walisikilizwa bure. Kituo hicho kilisaidia pande mbili. Mjane alipata wakili, na wakili kijana alipata wateja ambao hakuna ofisi kubwa ingempa. Kilitenda kwa wanasheria wa Uganda kile ambacho ofisi ya Marshall ilitenda kwa Motley.

Njia inapanuliwa

Baada ya 1986 mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika kuchaguliwa kuingia chuoni. Wapo walioipinga, na hata leo wapo wanaosema msichana anapewa asichostahili. Mimi huwajibu kwa mfano wa nyumbani: kijana aliyesoma jioni nzima na msichana aliyechota maji, akapika, akaosha vyombo ndipo akafungua daftari, hawakukimbia mbio zilezile. Pointi ile ilirudisha sehemu tu ya jioni iliyopotea.

Kisha ikaja Katiba ya 1995. Katika tume iliyokusanya maoni ya wananchi alikuwemo mwanasheria Miria Matembe, mwanamke wa kutoka magharibi mwa Uganda kama sisi. Ibara ya 32 iliruhusu hatua maalumu za kuwainua waliobaki nyuma kwa sababu ya historia au mila. Ibara ya 33 iliwapa wanawake heshima sawa na wanaume, na kukataza sheria na mila zinazowadhalilisha.

Maneno ya katiba hubaki maneno mpaka mtu ayapeleke mahakamani, na waliyoyapeleka ni wanawake hao hao. Mwaka 2004, katika kesi iliyofunguliwa na FIDA-Uganda pamoja na wenzao, Mahakama ya Katiba ilitengua vifungu vya Sheria ya Talaka vilivyomruhusu mume kumwacha mke kwa uzinzi peke yake, wakati mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi na kosa jingine juu yake. Mwaka 2007 kundi lingine la wanawake wanasheria lilishinda kesi iliyofuta kosa la uzinzi, ambalo lilimbana mke kuliko mume, pamoja na vifungu vya Sheria ya Mirathi vilivyowabagua wanawake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Sheria ya Mirathi ilisubiri hadi 2022 ndipo bunge likairekebisha na kupandisha fungu la mjane au mgane kutoka asilimia 15 hadi 20.

Nilipozisoma hukumu hizo nilimkumbuka shemeji aliyesema kwamba mama mdogo alikuja kwa mbuzi. Kumbe wakati anasema hivyo, jijini Kampala wanawake walikuwa wamekwisha kuijibu hoja yake mbele ya majaji. Jibu lilikuwa bado halijafika mlimani.

Na wanawake wa Uganda walivuka mipaka. Solomy Balungi Bossa aliongoza Chama cha Mawakili cha Uganda katika miaka ya 1990, akawa rais wa kwanza wa Chama cha Mawakili cha Afrika Mashariki, na tangu 2018 ni jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Julia Sebutinde aliingia Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2012, mwanamke wa kwanza wa Afrika kukaa humo. Majirani zetu nao hawakulala. Kenya ilimpata jaji wake wa kwanza mwanamke, Effie Owuor, mwaka 1982, na mwaka 2021 ikampata Jaji Mkuu mwanamke, Martha Koome.

Ngazi isiyofika mlimani

Basi, historia hii ni ya ushindi. Lakini ukiitazama kutoka Bwera, unaona ngazi ndefu inayofika The Hague, na pau zake za chini zimekosekana.

Fikiria msichana wa Bukonzo anayetaka kuwa wakili leo. Atahitaji miaka 4 ya chuo kikuu na mwaka mmoja wa LDC. Kwa miaka mingi LDC ilikuwa Kampala peke yake. Baadaye ndipo tawi likafunguliwa Mbarara. Karo ya mwaka ule mmoja ni mamilioni ya shilingi, na bado hajala wala kulipa chumba. Kwa familia inayoishi kwa kahawa na mihogo, hapo ndipo safari hukatika. Nawajua wahitimu wa sheria wa kwetu wanaofundisha shule za binafsi au kuuza laini za simu kwa sababu hawakupata karo ya mwaka wa mwisho. Kila ninapowaona namkumbuka Charlotte Ray na darasa lake.

Hata aliyefaulu yote hayo hana hakika ya kurudi. Ofisi kubwa ziko Kampala. Kwa muda mrefu kesi za Mahakama Kuu kutoka kwetu zilikwenda Fort Portal, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Bwera. Baada ya mapigano ya Novemba 2016 katika kasri la Rwenzururu, ambamo zaidi ya watu 100 waliuawa, watuhumiwa wengi walifikishwa mahakamani Jinja, upande wa pili wa nchi. Wilaya ambayo kwa miaka mingi imeihitaji sheria kuliko nyingi, haina mawakili wa kuitosha, na wanawake kati yao ni wachache zaidi.

Hapa ndipo kesi ya mama mdogo inapomalizikia. Iliahirishwa mara nyingi, naye akawa amechoka, akasema afadhali wachukue. Kisha mwanamke mmoja wa kanisani alimweleza kuna wakili kijana Kasese mjini, binti wa kwetu. Tulipanda taksi tukaenda. Wakili yule alikuwa na meza moja na viti viwili vya plastiki. Alimsikiliza mama mdogo kwa Lhukonzo saa nzima, na kila alichosikia alikiandika kwa Kiingereza. Alikubali kulipwa kidogo kidogo, msimu wa kahawa kwa msimu.

Mahakama ilipokuja kuliona shamba, wakili aliomba jambo moja tu. Aliwaomba shemeji waonyeshe miti ya mpaka na waseme nani aliipanda na mwaka gani. Walionyesha miti mitatu tofauti. Mama mdogo alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ule wa kweli, na mzee jirani akathibitisha kwamba alikuwepo siku unapandwa. Safari hii kila neno lilitafsiriwa, kwa sababu wakili alikuwa akisikia lugha zote mbili, na karani alipofupisha alimsahihisha kwa adabu. Mama mdogo alibaki na shamba.

Baadaye nilimuuliza wakili yule alifikaje pale. Aliniambia kwamba mama yake aliuza samaki wa Katwe, na padri akalipia mihula miwili. Alipomaliza shahada alikaa miaka miwili bila kwenda LDC, hadi mwanamke wakili aliyekuwa amemtangulia akamwajiri kupiga chapa na kumkopesha karo. Hakunitajia siku aliyojiona shujaa. Alinitajia majina ya watu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba maendeleo ya wanawake katika sheria, Uganda kama Marekani, yalitegemea msaada kuliko ruhusa. Ruhusa ilimzaa Charlotte Ray mwaka 1872 na Elizabeth Bagaya mwaka 1965. Msaada uliopangwa, wa karo, wa ofisi na wa wateja, ndio uliowazaa Motley, Mpagi-Bahigeine na wakili wa Kasese mwenye viti viwili vya plastiki. Mtu anaweza kunipinga kwa kusema kwamba Kikonyogo alipanda kwa juhudi zake mwenyewe, kabla ya pointi 1.5 na kabla ya vituo vya msaada. Ni kweli. Lakini tukitegemea watu wa namna hiyo tutapata mmoja kila kizazi, na kesi za mashamba hazingoji kizazi.

Kwa wenzangu wanaosoma Kiswahili nina neno moja zaidi. Tangu marekebisho ya katiba ya 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Hata hivyo mjane wa Bwera anayekijua Kiswahili bado anahitaji karani wa kumfupisha. Sisi tuna uwezo wa kuandika kwa Kiswahili chepesi Sheria ya Ardhi inasema nini juu ya ridhaa ya mke kabla shamba la familia halijauzwa, au Sheria ya Mirathi inampa mjane nini. Tunaweza pia kujifunza ukalimani wa mahakamani kama kazi ya heshima. Huo nao ni upau wa chini wa ngazi, na hauhitaji kibali cha mtu kuanza kuuchonga.

Mtoto niliyemshika siku ile mahakamani sasa yuko kidato cha tano. Anasoma historia na fasihi, na amesema anataka sheria. Mama yake ameanza kuweka akiba ya kahawa, na wakili wa Kasese ameahidi kumpa meza likizo ijayo ajifunze kupanga mafaili. Ni binti wa tatu wa mama mdogo, kwa hiyo jina lake wasomaji mnalijua.